Mdogo wangu kapewa ukiranja wa bwalo ila hana rafiki hata mmoja, anataka kuhama

dada_mbagala:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu nimemlea mwenyewe hapa Mbagala, alivyomaliza fomu foo akawa anapiga debe stendi ya Rangi Tatu, Julai akapangiwa fomu faivu boding huko Njombe, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Dogo ni mgumu, haongei, wiki ya kwanza tu kampiga mwenzake kwenye foleni ya maji kisa kamwita njuka, yaani mgeni wa shule. Sasa patroni, mwalimu mlezi wao, kaona watu wanamwogopa ndio akampa bwalo. Foleni imenyooka kweli lakini akikaa mezani wenzake wanabeba sahani wanahama. Jana kanipigia kwa simu ya mwalimu, dada niombee uhamisho. Huyu mtoto hajalia mbele yangu tangu mama afariki, jana kalia. Nifanyeje?

kiranja_mstaafu:
Pole sana dada. Nami nilishika bwalo. Maharage yanazama chini ya sufuria, mpakuaji akimwona mshkaji wake anachota chini, wengine mchuzi mtupu, hapo ndipo chuki inapoanzia. Mwambie asisimame mlangoni, asimame kwenye sufuria, likorogwe kila mara, na yeye ale wa mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nakula wa kwanza tena dabo, nilivyougua malaria hakuna aliyeniletea hata uji.

mwl_wa_zamu:
Naongezea la yule mwenzake aliyepigwa. Amwombe radhi, ila sio paredini mbele ya shule nzima, iwe baada ya prepo, yaani kujisomea usiku, wakiwa wawili tu. Vijana waliokulia stendi wanaona kuomba radhi ni kushindwa, nimewafundisha wengi. Uhamisho usiombe, huko aendako atakuwa njuka tena na ngumi ndio zile zile. Na patroni kakosea kumpa cheo eti kwa sababu anatisha, mpigie umwambie kwa heshima.

dada_mbagala:
Mrejesho jamani, asanteni mno. Nimempigia patroni, kanisikiliza vizuri. Dogo naye kamfuata yule kijana bwenini, kumbe anatokea Kigoma, likizo fupi hata haendi kwao nauli hamna, wamekaa juu ya tranka mpaka taa zikazimwa. Walichoongea hajaniambia na sijamuuliza. Leo asubuhi meseji imeingia kwa simu ya mwalimu, dada tuma miche miwili ya sabuni, mmoja wa mwenzangu. Ndio natoka hapa naenda dukani.