Poka: mpinzani anayefuata kila dau, umtishe, umvute au umbane?

Raskazone_K
Wakuu wa Tanga, kwenye meza yetu ya Jumamosi (kete tu, hakuna hela) kuna jamaa hatupi karata (hajitoi kwenye mchezo). Akiwa na jozi yoyote anafuata (analipa dau la mwenzake) mpaka karata ya tano, ile ya mwisho kufunuliwa mezani; kupandisha (kuongeza dau juu ya la mwenzake) ni kwa nadra sana. Naona njia tatu: kumtisha kwa dau kubwa nikiwa sina kitu, kumvuta kwa madau madogo, au kumbana kwa makubwa nikiwa na mkono mzuri tu. Ipi inalipa?

Ngamiani15
Kumtisha futa kabisa. Mezani kuna 600, unaweka 300 huna kitu: ili usipate hasara lazima atupe mara 1 kati ya 3. Ukiweka 600, mara 1 kati ya 2. Huyo tuseme anatupa mara 1 kati ya 5. Unakula 600 mara moja, unaliwa 300 mara nne. Kete 600 zimekwenda bure.

Chumbageni_Shupaza
Kweli kabisa, ila madau madogo ndiyo yanayowaponza wengi. Una jozi ya ree (A), yeye ana shupaza nne anasubiri ya tano (shupaza tano zinashinda jozi), imebaki karata moja. Shupaza zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 asizoziona, karibu asilimia 20. Mezani 600, ukiweka 100 analipa 100 kuwania 700, anahitaji asilimia 12.5 tu. Hapo yeye ndiye anayefaidi! Weka 400: analipa 400 kuwania 1,000, anahitaji karibu asilimia 29. Atafuata tu, na kila akifuata anakupa faida. Shupaza ikianguka naye akaanza kuweka dau, tupa ree zako.

PongweMoja
Natofautiana kidogo. Wafuataji hawafanani: kuna asiyejali ukubwa wa dau, na kuna anayefuata dogo tu. Karata ya tano ukiwa na jozi ya pili (jozi na karata ya pili kwa ukubwa mezani), kwa huyu wa pili dau la 400 litafuatwa na mikono inayokushinda, la 200 hata na jozi ya chini. Jiulize: nashinda zaidi ya nusu ya mikono atakayofuata nayo? Kama ndiyo, weka. Kama hapana, gonga meza (pitisha bila kuweka dau). Jibu linatoka kwenye karata anazofunua mwisho, uso wake achana nao.

Raskazone_K
Na akipandisha?

Ngamiani15
Tupa, hata jozi mbili. Mezani 600, umeweka 300, kapandisha hadi 900: unaongeza 600 kuwania 1,800, unahitaji asilimia 25. Kwa mtu asiyepandisha ovyo huzipati. Kabla ya karata za mezani kufunuliwa nako mbane: ukizoea kupandisha mara 3 ya dau la lazima (linalowekwa kabla ya kuona karata), huyu akiwa ndani panda mara 5, ukiwa na jozi kubwa au ree na K (mfalme).

PongweMoja
Ila mkiwa watatu mezani, angalia aliyeko nyuma yako (anayecheza baada yako) kwanza. Yule anayetupa ovyo ndiye wa kutishwa: 200 kwenye 600 inalipa akitupa zaidi ya mara 1 kati ya 4.