Sindano ileile, chuchu ileile: madaktari wa mifugo, maziwa mtayapima lini?

Wakuu, leo naomba niseme, maana nimejaa hadi kooni.

Ng'ombe akishikwa na ugonjwa wa kiwele, mambo huenda hivi. Unaita mtaalamu. Anakuja na mkoba wake, anakamua kidogo chini, anatazama mabonge, anasema "mastaitisi hii", anachoma sindano, anakuachia tyubu za kupachika kwenye chuchu, anachukua chake anaondoka. Maziwa yanasafika, unashukuru Mungu. Wiki chache mbele, robo ileile ya nyuma (kiwele kina sehemu nne, kila moja na chuchu yake) imevimba tena, ina joto, ukiigusa ng'ombe anarusha teke, na kinachotoka ni majimaji ya njano yenye vipande. Unampigia. Anakuja na mkoba uleule, na ndani yake dawa ileile.

Sijawahi kuona hata mmoja akitoa chupa ya sampuli. Ukiuliza, "Daktari, kwani ni bakteria gani huyu?" anakutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Sasa tuambiane ukweli. Mastaitisi si ugonjwa wa mdudu mmoja. Kuna Streptococcus agalactiae, huyo makao yake ni kiwele na penisilini humwondoa vizuri. Kuna Staphylococcus aureus, huyo ni jambazi hasa: anajificha ndani ya seli, anajijengea vijipu vidogo vilivyozungukwa na kovu ambako dawa haifiki, na baadhi yao hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini. Kuna E. coli wa kwenye kinyesi, ambaye akija kwa upole mwili wa ng'ombe mara nyingi humfukuza wenyewe, lakini akija kwa ukali ng'ombe hulala chini na kilichobaki ni kupigania uhai kwa maji na dawa za kushusha uvimbe. Kuna maikoplasma, asiye na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haina pa kumshika. Halafu kuna hamira, ndiyo, kuvu, ambayo mara nyingi huingizwa na tyubu iliyopachikwa kwenye chuchu isiyosafishwa ncha. Antibiotiki haiui kuvu! Unamtibu ng'ombe kwa kitu kilichomletea ugonjwa, kisha unaambiwa "ongeza dozi".

Wote hao wanatibiwa kwa tyubu moja. Hiyo ni kubahatisha, na anayelipia bahati nasibu hiyo ni mfugaji.

Na ndiyo maana ugonjwa unarudi. Kwa Staphylococcus, dawa inapunguza bakteria walio kwenye maziwa, mabonge yanakatika, kila mtu anadhani kapona. Waliojichimbia wanasubiri. Wakati huo maziwa ni meupe kabisa, hayana dalili, na ng'ombe anaambukiza wenzake kila mkamuaji anapotoka kwake kwenda kwa mwingine.

Tena hata kile kipimo rahisi kabisa hawakitumii. Kile cha sahani yenye vikombe vinne, CMT (California Mastitis Test), kipo tangu 1957! Unakamulia kila chuchu kwenye kikombe chake, unaweka dawa ya kupimia kiasi kilekile, unazungusha sekunde 10 hivi, robo yenye shida maziwa yake yanakuwa mazito yanavutika kama ute wa yai. Haifiki dakika moja. Hakikuambii ni bakteria gani, lakini kinakuonyesha robo inayoumwa kimyakimya kabla haijavimba. Mtu amesoma miaka chuo kikuu halafu anatumia macho tu.

Sampuli ya maabara nayo haihitaji mitambo pale bandani. Osha na kaushe chuchu, mwaga michirizi ya kwanza, futa ncha kwa pamba yenye spiriti, kinga maziwa kidogo kwenye chupa safi isiyo na vijidudu uliyoilaza kimshazari, weka kwenye baridi, peleka. Ila ichukuliwe KABLA ya sindano. Wao wanachoma kwanza, ugonjwa ukigoma ndipo unasikia "tungepima, lakini dawa imeshaingia".

Najua jibu linalokuja: "Usafi, ndugu mfugaji, banda lako chafu." Huu wimbo nao nimeuchoka. Chuchu zinachovywa kwenye iodini baada ya kukamua, kila ng'ombe ana kitambaa chake, mgonjwa anakamuliwa mwisho, na wakimaliza wanawekewa majani ili wasimame angalau nusu saa tundu la chuchu lijifunge kabla hawajalala. Haya, bakteria aliyekwisha kujichimbia ndani ya kiwele anatolewaje kwa kufagia sakafu? Halafu usafi wenyewe unategemea mdudu. Kama ni wa kuambukizana, kosa liko kwenye mikono, kitambaa na mpangilio wa kukamua. Kama ni wa mazingira, kosa liko kwenye malalo na tope. Bila kupima unamwambia mtu asafishe nini?

Jingine linaloniudhi: muda wa kusubiri. Sindano imeingia, hakuna anayekwambia maziwa yasinyweke wala kuuzwa hadi lini. Imeandikwa kwenye paketi, kwa herufi za kutafutia miwani, na paketi yenyewe kaondoka nayo. Na wengine wanapachika tyubu ya kukaushia kwa ng'ombe anayekamuliwa! Ile imetengenezwa ikae kiweleni wiki nyingi. Ilitakiwa ipachikwe siku anapoachishwa kukamuliwa, takriban miezi miwili kabla ya kuzaa, na huo ndio wakati wenye nafasi nzuri zaidi ya kumshinda huyo Staphylococcus. Lakini ng'ombe akikaushwa, daktari haitwi na wala hajiiti. Anasubiri azae, avimbe.

Na kama robo imeshakufa, imekuwa ngumu imejaa kovu, niambieni wazi: huyu haponi, muondoe kundini asiambukize wengine. Inauma, lakini ni afadhali kuliko kuchomewa sindano za matumaini huku bakteria wanajifunza usugu.

Kwa hiyo nauliza madaktari wa mifugo mliomo humu, na mjibu bila kona: ni nani kati yenu ana chupa ya sampuli kwenye mkoba wake leo hii? Wa mitishamba ya kupaka kiweleni mtanisamehe, piteni tu, leo sina subira.