Nataka kuwa askari polisi Dar es Salaam, naanzia wapi?

Reli ya Kati

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Tabora, miaka 23, nimeishia kidato cha nne. Matokeo: Kiswahili B, Uraia C, Historia D, Jiografia D, Kiingereza D, Biolojia D, Kemia F, Hesabu F. Urefu nadhani 5.8, sijapima vizuri. Nataka kazi ya polisi lakini iwe Dar, si huku mikoani.

Je, naomba Dar moja kwa moja? Pointi zinatosha? Kwenye usaili wanapima nini? Kuna jamaa anasema bila JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) nisijisumbue, na kuna "mtu wa ndani" anaunganisha kwa laki saba. Wenye uelewa naomba mnisaidie.

Namba ya Kola

Mkuu, anza na hili: hakuna "Polisi ya Dar" ya kuomba. Jeshi la Polisi Tanzania ni moja la nchi nzima. Unaajiriwa na Jeshi, unafunzwa, halafu unapangiwa. Kwenye tangazo kuna kipengele cha kuwa tayari kufanya kazi mahali popote Tanzania, na usaili wa mdomo watakuuliza hilohilo. Ukijibu "mimi Dar tu" umejichomea mwenyewe.

Dar ina Kanda Maalum yenye mikoa mitatu ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Usitafute mkoa wa kipolisi Ubungo au Kigamboni, hizo ni wilaya chini ya hiyo mitatu. Kanda inameza askari wengi, kwa hiyo uwezekano wa kupangiwa huko upo, ila si wewe unayechagua.

Pointi zako: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na zinahesabiwa za masomo saba bora. Una B (2), C (3), D nne (16), jumla 21, somo la saba ni F (5). Jumla 26. Hiyo ni daraja la nne la juu kabisa. Matangazo ya karibuni kwa kidato cha nne yamekuwa yakichukua daraja la kwanza hadi la nne, na kwa la nne ni pointi 26 hadi 28 tu. Umepita. Watu wengi hudhani "nina Division Four, natosha" kumbe ana 31, mfumo unamtupa nje kabla binadamu hajaona jina lake.

Umri kwa kidato cha nne na cha sita huwa 18 hadi 25, wenye shahada, stashahada na fani hufika 30. Una miaka 23, usizubae. Angalia pia mwaka wa kuhitimu, tangazo hutaja kuanzia mwaka gani hadi gani.

Fundi Vipimo

Nakazia kwenye urefu, maana hapa ndipo wengi wanaporudi nyumbani asubuhi saa mbili na nauli imekwisha.

"5.8" inayoandikwa mitaani ni futi 5 na inchi 8, yaani inchi 68, sawa na sentimita 172.7. Si futi tano nukta nane ya kikokotoo, hiyo ingekuwa karibu sentimita 177. Hizo futi 5 inchi 8 ndizo kima cha chini kwa wanaume; kwa wanawake ni futi 5 inchi 4, sentimita 162.6.

Kujipima: futi ya fundi cherehani inaishia sentimita 150, ukiiunga utakosea. Azima ya chuma kwa seremala. Simama peku ukutani, visigino, makalio na mabega vimegusa ukuta, macho mbele. Mwenzako aweke kitabu kigumu juu ya kichwa, ukingo ukiwa umelala ukutani, akandamize nywele, apige alama ya penseli chini ya kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi alama. Rudia mara tatu. Pima asubuhi na jioni pia, kwa sababu mgongo hubonyea kadiri siku inavyokwenda na mtu hupungua karibu sentimita moja. Kama jioni unasoma 172.9, uko salama. Kama asubuhi ndiyo unasoma 172.7, panga foleni mapema siku hiyo. Soksi tatu na kunyanyua visigino havisaidii, unapimwa peku na kuna mtu anaangalia miguu.

Kina dada: nywele za kusuka zilizopandishwa juu zitakandamizwa au utaambiwa ufumue. Nenda na nywele fupi, unaokoa muda.

Mama Shamba la Mihogo

Vijana wanangu, nyaraka ndizo zinazoua kuliko mbio. Maombi yanafanyika kwenye tovuti ya ajira ya Jeshi, ajira.tpf.go.tz, na kokote kwingine ni utapeli. Unahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa cha RITA (kwa Zanzibar cha wakala wao), vyeti vya shule, na barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono. Kwa mkono, si kuchapwa. Barua inaelekezwa kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Dodoma. Weka namba ya simu inayopatikana. Kisha skani kwa mashine, usipige picha na simu usiku chini ya balbu, kivuli cha mkono wako kinafunika nusu ya cheti.

Sasa chukua namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa. Zikipishana hata siku moja, rekebisha kabla tangazo halijatoka, kwa sababu likitoka muda hautoshi.

Masharti mengine yasome kama yalivyo: raia wa kuzaliwa, hujaoa wala kuolewa, huna mtoto, huna michoro ya tatuu, huna rekodi ya jinai, na gharama za usaili ni zako. Suala la mtoto watu hulificha. Usilifiche. Upekuzi unafanyika mpaka mtaani kwenu, na balozi wa nyumba kumi hana sababu ya kusema uongo kwa ajili yako.

Namba ya Kola

Kuhusu laki saba: huyo ni tapeli, na hata kama angekuwa na mtu kweli, hiyo ni rushwa na mtoaji anashtakiwa pia. TAKUKURU simu ya bure ni 113. Dalili yake ni moja, "tuma ya kufungulia faili leo". Jeshi halina ada ya faili.

JKT: soma tangazo. Yapo yanayowataka waliopitia JKT, yapo yanayopokea wasiopitia. Jamaa yako amechukua la mwaka mmoja akalifanya amri ya Mungu.

Mchakamchaka

Usaili kwa kawaida: uhakiki wa vyeti halisi, urefu, mbio, maandishi, mahojiano, na vipimo vya afya. Anza mbio sasa. Siku tatu kwa wiki, kilomita 2 mwendo wa kuweza kuongea, ongeza nusu kilomita kila wiki mbili mpaka ufike 5. Anayeanza na 10 siku ya kwanza huumia mfupa wa mbele wa mguu, na ule ukishaanza kuuma unakula wiki tatu za mazoezi. Siku ya usaili kunywa uji mapema, usikimbie na chipsi tumboni.

Mafunzo ya awali ni Shule ya Polisi Moshi: gwaride, silaha, PGO (kanuni za utendaji za Jeshi la Polisi), Kanuni ya Adhabu, Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sheria ya Ushahidi. Wanaodhani ni kwata tu hufeli darasani. Juni na Julai Moshi ni baridi, mtu wa Tabora ajue hilo.

Ukipangiwa Dar usitarajie sare nyeupe za trafiki wiki ya kwanza. Konstebo mpya ni wa lindo, doria, kusindikiza mahabusu na kaunta. Kaunta ndiyo shule yenyewe. Mahabusu anapoingia, fedha zake zinahesabiwa kwa sauti mbele yake, mkanda na kamba za viatu vinatolewa, kila kitu kinaandikwa na anatia sahihi. Ukiruka simu moja ya kitochi kwenye orodha, asubuhi ni wewe unayedaiwa.

Reli ya Kati

Nashukuru sana wakuu. Nimepima jioni hii, 173.2. Ila cheti cha kuzaliwa na cha shule vinasema Mohamed, NIDA wameandika Mohamedi. Nayo ni shida?

Mama Shamba la Mihogo

Ndiyo, mwanangu. Kwa kuwa vyeti viwili vinakubaliana, rekebisha NIDA. Nenda ofisi yao ya wilaya na cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, halisi na nakala. Ingekuwa cha shule ndicho kinachopishana, ungehitaji hati ya kubadili majina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo ni safari ndefu zaidi. Nenda Jumatatu.