Berea, Calvin au Wheaton: binti yangu aende wapi?

MamaFuraha_Lexington
Habari zenu wapendwa. Binti yangu anamaliza sekondari Mei. Tulifika Kentucky, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania akiwa darasa la pili, na sasa Kiingereza chake kinanipita mbali. Hataki chuo kikuu cha jimbo chenye umati wa watu, anataka chuo kidogo cha Kikristo. Amebaki na vitatu: Berea hapa hapa Kentucky, Calvin kule Grand Rapids, na Wheaton karibu na Chicago. Mimi nauliza mawili tu: pesa, na je, atabaki kanisani? Baba yake ana la tatu. Ameambiwa kwenye vyuo hivi mtoto anachanganyiwa falsafa, muziki na biolojia, naye anasema hiyo ni pilau bila nyama.

Kitui_Boy
Mama Furaha, mimi ni zao la Berea. Ada hakuna. Hawajamtoza mwanafunzi ada tangu 1892. Ila wana masharti: familia yenye uwezo hawaichukulii mtoto, na kila mwanafunzi lazima afanye kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki, hata awe na mtihani kesho yake.

Mwaka wa kwanza kazi huchagui, unapangiwa. Mimi nilipangiwa jikoni, masufuria. Baadaye nikahamia karakana ya fagio. Unachukua mabua ya mtama wa fagio yaliyoloweshwa, unayazungushia kwenye mpini huku ukikaza waya, halafu unayabana yawe bapa na kuyashona. Ufagio wangu wa kwanza ulipinda kama mkia wa jogoo. Msimamizi akaucheka, akanipa niende nao.

Ukihitimu unapata rekodi mbili, ya masomo na ya kazi. Aliyeniajiri mara ya kwanza aliisoma hiyo ya pili muda mrefu kuliko ya kwanza.

Binti_Mwanza
Shikamoo mama. Mimi nilisoma uuguzi Calvin. Mwambie baba Furaha nyama ipo, tena ya kutosha, ila huli nyama tupu. Pamoja na uuguzi nilisoma historia, falsafa na theolojia. Nililalamika sana mwaka wa kwanza. Leo nikikaa na familia ya mgonjwa anayekata roho, ninachokitumia sikukipata kwenye somo la dawa.

Kuhusu kanisa: pale ibada ni kila siku ya masomo saa nne asubuhi, kama dakika 20, na saa hiyo hakuna kipindi. Lakini hakuna anayekuandika jina. Siku za theluji nilikuwa naisikia kengele ya moyo ikiniambia amka, nalala. Chuo ni cha Wareformed, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin, hawapigi kelele kama sisi Wapentekoste, ila Grand Rapids imejaa Wakongo. Jumapili atasali kwa Kiswahili akitaka.

Mzee_wa_Aurora
Mwanangu wa pili alipita Wheaton. Pale ibada ni ya lazima na kila mtu ana kiti chake, usipokuwepo inajulikana. Kuna agano ambalo wanafunzi wote wanalikubali: pombe hapana, sigara hapana. Hata dansi ilikuwa marufuku hadi 2003! Wana historia nzito. Blanchard, rais wa kwanza wa chuo mwaka 1860, alikuwa mpinga utumwa. Na Edman, aliyewahi kuwa rais wao, alifia mimbarini 1967 akiwahubiria wanafunzi juu ya kuingia mbele za Mfalme. Mwanangu alinisimulia hiyo hata kabla hajaniambia chakula kikoje.

Sasa pesa. Ada peke yake inapita dola 40,000 kwa mwaka. Msaada upo, lakini msikubali kwa mdomo. Subirini barua ya msaada, mpige hesabu wenyewe. Nyinyi mmekuja kama wakimbizi, kwa hiyo jazeni mapema FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, mna haki nao.

Kalemie_84
Mnasifia tu. Mimi nilisoma chuo kidogo cha Kikristo, sikitaji. Waafrika tulikuwa watano. Kusukwa nywele ilikuwa safari ya zaidi ya saa moja. Sikukuu ya Thanksgiving jiko likafungwa, wenzangu wakaenda kwao, nikala tambi za maji moto siku nne. Wapendwa hao hao waliokuwa wakiniombea kila Jumatano! Furaha aulize swali moja kila chuo: mabweni yakifungwa, nakwenda wapi?

Kitui_Boy
@Kalemie_84 pole sana dada, swali hilo ni la maana kuliko yote. Berea ni mji mdogo pia, sitadanganya. Ila kwa Furaha nyumbani ni maili 40 hivi, mama anaweza kumletea sombe Ijumaa jioni. Na chuo chenyewe kilianzishwa 1855 na mpinga utumwa, weusi na weupe wakasoma pamoja hadi sheria ya Kentucky ya 1904 ilipowatenganisha kwa nguvu. Carter Woodson, yule mwanahistoria mweusi, alikuwa amemaliza hapo mwaka mmoja tu kabla. Neno lao ni Matendo 17:26, watu wote damu moja.

Mzee_wa_Aurora
Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, haina “damu” hapo, inasema “katika mmoja”. Nimefungua sasa hivi.

MamaFuraha_Lexington
Mungu awabariki. Baba yake amesoma yote, akanyamaza, kisha akasema Wheaton tusubiri barua kama mzee alivyosema. Mimi nimeshapiga hesabu ya maili 40 na saa saba za kwenda Grand Rapids, na moyo wangu mnaujua. Furaha mwenyewe anacheka tu. Anamuuliza kaka wa Kitui: ule ufagio uliopinda bado upo?

Kitui_Boy
Upo kwa mama yangu. Hafagilii, ameutundika ukutani juu ya televisheni, na wageni wote lazima waelezwe.