Mrejesho: wanafunzi wa meno na Batwa wa Kabare

Ndugu zangu, niliuliza jinsi ya kuwaandaa wanafunzi wangu wa udaktari wa meno, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kabla ya kwenda kuwahudumia Batwa, watu wa asili wa misituni, wa eneo la Kabare karibu na hapa. Wengi mlisema: waiteni Batwa wenyewe wafundishe. Tukawaita, na tukawalipa kama walimu wengine (mhasibu alinung'unika, shauri yake). Mama mmoja alisimulia jamaa zake walivyofukuzwa msituni Kahuzi-Biega (hifadhi ya taifa) miaka ya 1970, kisha akauliza: "Mnasema tupunguze sukari. Hiyo sukari tunainunua kwa pesa gani?" Darasa zima kimya. Siku hizi mwanafunzi anajitambulisha, anaomba ruhusa kabla ya kugusa mdomo, anaonyesha koleo la kung'olea meno kwanza. Vijana wa Batwa wanakuja kutibiwa, wazee bado wanasitasita.