Balbu ya 12 V 21 W: omu za multimita na za hesabu zinakataana

waya_mwekundu
Wakuu, naomba msaada. Nina balbu ya uzi ya 12 V 21 W. Ikiwaka napata 11.8 V kwenye miguu yake na mkondo wa 1.7 A. Nikigawa, ukinzani ni 6.9 Ω, nikizidisha, nguvu ni 20 W. Hapo safi. Ila nikiichomoa na kuipima kwenye omu, multimita inasoma 0.7 Ω. Nikiitia hiyo kwenye V²/R natoka na karibu wati 199! Multimita imekufa, au fomula siielewi?

omu_kwa_omu
Multimita nzima, fomula nzima. Kilichobadilika ni balbu. Uzi wake ni wa tungsteni, na kadiri unavyopata joto ukinzani unapanda. Balbu ikiwaka, uzi unapita nyuzijoto 2,000. Multimita inapima kwa mkondo mdogo mno, hauwezi hata kuupasha. Kwa hiyo 6.9 Ω ni ya balbu inayowaka, 0.7 Ω ni ya balbu baridi. Ukitaka wati, zidisha V na A za balbu ikiwa inawaka, basi.

Hata hiyo 0.7 usiimeze yote. Gusanisha ncha za waya za multimita usome: ukikuta 0.2, balbu yenyewe ni 0.5 Ω. Na zile wati nyingi si uongo mtupu. Unapowasha tu, uzi ungali baridi, 11.8 ÷ 0.5 ni zaidi ya 23 A kwa hesabu, ingawa waya na betri huupunguza mkondo huo. Ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini ndiyo maana balbu hupenda kukata wakati wa kuwashwa.

fundi_dc
Una multimita ngapi?

waya_mwekundu
Moja. Nilipima V kwanza, kisha nikakata njia nikaiingiza kupima A.

fundi_dc
Basi namba zako si za hali moja. Multimita ikiwa ndani ya njia, waya zake nazo hula volti: zikiwa na 0.1 Ω, kwa 1.7 A zimekula 0.17 V, na balbu haipati tena 11.8. Weka rezista ya 0.1 Ω 5 W mfululizo na balbu, uiache humo. Ukisoma 0.17 V juu yake, mkondo ni 1.7 A. Hamishia ncha kwenye balbu, soma V. Rezista inakula 1.7² × 0.1, yaani 0.29 W tu.

Faida nyingine, waya mwekundu hautoki kwenye tundu la V. Ukiusahau kwenye tundu la 10 A halafu ukagusa betri, hiyo ni shoti, na multimita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kwenye tundu hilo.

waya_mwekundu
Nimeelewa. Na nikiweka LED kwenye indiketa ya gari, rezista ya kuiga balbu iwe 6.9 Ω 25 W?

omu_kwa_omu
Tumia 6 Ω 50 W, ndiyo ya kawaida. Injini ikiunguruma volti hufika 14, na 14² ÷ 6 ni karibu 33 W kila indiketa inapowaka. Ya 25 W inazidiwa. Ifunge kwa skrubu kwenye bodi la chuma, mbali na plastiki. Ikining'inia hewani, hizo 50 W haizimudu.