Mrejesho: viza ya EB-3 kwa nesi

Jameni, mwaka jana niliwauliza kama nesi wa diploma kutoka Kenya anaweza kuhamia Marekani kwa viza ya kazi. Anaweza, kupitia EB-3, aina ya viza ya kuhamia kabisa kwa ajili ya kazi. Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba ombi la kwanza, fomu I-140, si langu, analipeleka mwajiri. Na kwa kuwa manesi tuko kwenye Schedule A, orodha ya kazi ambazo Marekani imeshakubali kuwa zina uhaba wa watu, mwajiri hahitaji kwanza cheti cha Wizara ya Kazi ya huko kuonyesha kwamba amekosa Mmarekani wa kazi hiyo.

Mzigo wangu ulikuwa NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, nikapita, halafu VisaScreen, cheti cha kuthibitisha masomo, leseni na Kiingereza cha nesi kutoka nje. Hapo Kiingereza kikanitoa jasho: kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, sehemu ya kuzungumza wanataka 7, nikapata 6.5. Mimi niliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi! Niliirudia.

Ajenti mmoja alitaka laki mbili "asogeze foleni". Nilimkatia simu. Foleni inafuata tarehe I-140 ilipopokelewa, ukilinganisha na Visa Bulletin, tangazo la kila mwezi la serikali ya Marekani linaloonyesha tarehe zilizofikiwa. Yangu bado haijafikiwa, kwa hiyo zamu za usiku zinaendelea na pasipoti iko kwa mama, ndani ya bahasha ya kaki.